Kompyuta imekula majina, nani amekula hela?

Wiki hii nina kisa cha aibu iliyonipata Tosamaganga, na nimeona bora nikusimulie mwenyewe kabla hujakisikia kwa watu, maana ndugu zangu wa Iringa hawana dogo.

Aliyenikumbusha ni jirani yangu. Juzi usiku kanigongea mlango, macho yamemtoka, kaikumbatia laptopu kama mtu aliyebeba mtoto mwenye degedege.

"Kaka, nisaidie, ina virusi!"

Nikatazama kioo. Kweli, boksi jekundu, maandishi makali, na kidole cha dada wa watu kiko tayari juu ya kitufe cha kufuta. Nikamshika mkono. "Dada yangu, usibonyeze kwanza. Kaa chini nikupe kisa."

Kisa chenyewe ndicho hiki.

Ilikuwa mwaka 2010, mwezi wa tano. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa anaoa mwezi wa saba kule nyumbani, Tosamaganga. Kama hujafika, ni kule kwenye misheni ya zamani ya Konsolata, si mbali na Iringa mjini. Kuna kanisa kubwa, hospitali, sekondari ya siku nyingi, na baridi ambayo mtu wa Dar akishuka kwenye gari bila sweta anaanza kuongea peke yake.

Sasa kwenye ukoo wetu wakati huo mwenye laptopu alikuwa mimi tu. Basi wazee wakaamua bila hata kuniuliza: "Wewe wa kompyuta utakuwa katibu, utatunza orodha ya michango." Mhazini akawa mama mdogo, ndiye anayekaa na pesa taslimu. Lakini walio mbali walikuwa wanatuma kwenye simu yangu kwa M-Pesa, ambayo ilikuwa na miaka miwili tu hapa nchini, halafu mimi namkabidhi mama mdogo. Simu yangu yenyewe ilikuwa ya tochi. Meseji zikijaa, nafuta ili nyingine ziingie. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Orodha nilitengenezewa na mshikaji wangu wa kazini, fundi kweli kweli wa Excel. Akaniwekea na makro, yaani vijiamri vinavyojiendesha vyenyewe ndani ya faili. Ukilifungua tu, linajumlisha, linaonyesha nani kalipa na nani katoa ahadi hewa, halafu linajinakili lenyewe kwenye folda nyingine, eti kwa usalama. Bomba! Nikalitia kwenye flashi, mzee mzima nikapanda basi.

Jumapili baada ya misa tukakaa kikao kwa baba mkubwa, mwenyekiti wetu. Sebule imejaa, wengine wamekaa hadi kizingitini, ulanzi umewekwa pembeni unasubiri mambo yaishe. Salamu zikazunguka, kamwene huku, kamwene kule. Baba mkubwa akakohoa.

"Haya mwanangu, tusomee. Tumefika wapi?"

"Milioni mbili laki tatu na arobaini, baba," nikasema kwa mbwembwe, "ngoja niwaonyeshe jina kwa jina."

Nikachomeka flashi. Mara... king'ora! Kioo kikawa chekundu. Kila mtu akanyanyuka kutazama.

"Nini hicho mwanangu?"

"Virusi, baba."

Msomaji wangu, hapo sebule ilinyamaza kimya. Nilisahau niko wapi. Wakati ule mkoa wa Iringa, kabla Njombe haijakatwa kuwa mkoa wake mwaka 2012, ndio ulikuwa unaongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2007 na 2008. Nyumba iliyokuwa haijazika mtu ilikuwa ya kutafuta. Huko neno "virusi" halikuwa la mchezo.

Nami kwa aibu ya kulitamka, na kwa kutaka wazee waone kijana wa Dar anavyoshughulikia mambo, sikusoma boksi linasema nini. Nikabonyeza kufuta. Paa! Kioo kikatulia.

"Tayari baba, nimeviua."

"Safi sana. Haya, tusomee."

Nikafungua flashi. Tupu. Orodha haipo. Zile nakala za usalama nazo zilikuwa kwenye flashi hiyohiyo, zote zimebebwa na mafuriko. Nikafungua huku, nikafungua kule, jasho linanitoka kwenye baridi ya Tosamaganga. Mama mdogo akawa ananiangalia tu. Yeye alikuwa na fedha, lakini nani katoa ngapi, na nani kapitishia kwenye simu yangu ngapi, hayo alikuwa nayo mwandishi wako huyu peke yake. Na meseji, nilishakwambia, nilifuta.

Ndipo mjomba mmoja, mwenye sauti kama tarumbeta, akasimama. Hakutukana. Aliuliza tu kwa upole:

"Sawa. Kompyuta imekula majina. Na hela amekula nani?"

We acha tu! Watu wakaanza kuangaliana. Nikasikia mtu nyuma anasema "wa Dar hao". Baba mkubwa akafunga kikao, akasema tukutane Jumatano jioni. Hata ulanzi sikuonja. Nani akunywe mbele ya watu wanaohesabu vifundo vyako, kila kifundo shilingi elfu moja ya michango?

Usiku nikajibanza jikoni kwa shangazi, anapika huku mimi naota moto. Shangazi yangu huyu ni nesi wa siku nyingi, si mtu wa maneno mengi. Akaniuliza bila kugeuka:

"Hicho kipimo chako kilichosema kuna virusi, kilikuwa cha ngapi?"

"Kipimo gani, shangazi?"

"Hicho kilichopiga kelele. Kilikuwa cha kwanza au cha pili?"

"Cha kwanza."

"Na cha pili kikasema nini?"

Nikanyamaza. Akaweka mwiko chini.

"Sisi mtu akija kupima, kipimo cha kwanza kikionyesha ana maambukizi, hatumwambii lolote. Tunampima tena kwa kipimo cha aina nyingine. Siyo kwamba cha kwanza ni kibovu. Cha kwanza kimetengenezwa kisimwachie mgonjwa hata mmoja apite. Sasa mlinzi asiyetaka mwizi apite, mara mojamoja atamkamata na mwenye nyumba. Ndiyo maana kuna cha pili. Wewe umemhukumu mtu kwa kipimo kimoja, mbele ya kikao, halafu ukamzika. Kesho nenda mjini kaulize kama alikuwa amekufa kweli."

Asubuhi na mapema nikawa Iringa mjini, kwenye intaneti kafe. Nikamkuta kijana mmoja, kofia kageuza nyuma, nikamweleza. Akacheka mpaka akashika meza.

"Braza, wewe umeona neno kufuta ukafikiri faili limekwenda ahera? Hizi antivairasi nyingi haziui papo hapo. Zinaweka mtuhumiwa mahabusu kwanza."

Akafungua hiyo antivairasi yangu, akaenda kwenye sehemu inayoitwa karantini, na humo ndani... orodha yangu imejikunyata na nakala zake zote, nzima kabisa! Nilitaka kumbusu yule kijana. Akanizuia.

"Tulia. Hatujajua bado kama ni mzima. Tukipime tena."

Akaingia kwenye tovuti moja inaitwa VirusTotal, iliyoanzishwa na kampuni ya Kihispania mwaka 2004. Baadaye, mwaka 2012, ilinunuliwa na Google. Hiyo ukiipa faili, inalipitisha kwenye antivairasi nyingi za kampuni mbalimbali kwa mpigo. Siku ile zilikuwa arobaini hivi. Tukasubiri. Mbili zikasema lina virusi. Zilizobaki zote zikasema halina kitu.

"Na hizi mbili tazama jina zilizotoa," akasema. "Hazijataja kirusi chenyewe. Zinasema tu 'linashukiwa'. Zinakisia hizi."

Akanifafanulia, nami nakumegea. Antivairasi inafanya kazi kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kama polisi mwenye picha za wezi mfukoni. Kila faili analilinganisha na zile picha, yaani alama za virusi vinavyojulikana. Hiyo huwa haikosei sana. Lakini wezi wapya wanazaliwa kila siku na picha zao hazijapigwa, kwa hiyo kuna njia ya pili, kuangalia mwenendo. Huyu mbona anatembea usiku? Mbona kabeba mfuko? Mkamate! Sasa na mwokaji wa mikate naye anatembea usiku na mfuko.

Faili langu lilikuwa mwokaji wa mikate. Virusi vya makro vilitamba sana miaka ya tisini. Kile cha Concept kilienea kwa faili za Word mwaka 1995, cha Laroux kikaingia kwenye Excel mwaka 1996, na Melissa mwaka 1999 kikawa kinajituma chenyewe kwa barua pepe kwa watu hamsini wa kwanza kwenye orodha ya mwenye kompyuta. Mwenendo wao ni upi? Kujiendesha faili likifunguliwa, halafu kujinakili. Na faili la mshikaji wangu linafanya nini likifunguliwa? Linajiendesha, linajinakili! Fundi alilivalisha nguo za mwizi bila kujua.

Usidhani ni mimi tu niliyeumbuka. Mwezi mmoja kabla ya kikao chetu, tarehe 21 Aprili 2010, kampuni kubwa ya Marekani, McAfee, ilituma kwa wateja wake nyongeza ya picha za wezi. Ndani ya zile picha kukawa na kosa. Antivairasi ikaona faili moja la Windows XP linaloitwa svchost, ambalo mashine haiwezi kuishi bila hilo, ikalifananisha na kirusi kinachoitwa Wecorl. Ikalikamata. Kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha, zinajizima na kujiwasha, mtandao hakuna. Hospitali kadhaa katika jimbo la Rhode Island zikaahirisha upasuaji usio wa haraka. Kule Australia maduka kadhaa ya Coles yakafungwa kwa kuwa mashine za kulipia hazifanyi kazi. Wala hakukuwa na kirusi hata kimoja. Mlinzi ndiye aliyemkamata mwenye nyumba.

Miaka mitatu kabla, Mei 2007, Symantec nao waliyakuta hayo China. Antivairasi yao ilikamata mafaili mawili ya Windows ya Kichina, na maelfu ya kompyuta yakagoma kuwaka. Septemba 2011 Microsoft wenyewe waliiita Google Chrome mwizi wa nywila za benki. Na kali kuliko zote, Septemba 2012 antivairasi ya Sophos ilijikamata yenyewe! Sehemu yake inayopokea marekebisho ilionekana ni kirusi. Kasheshe hiyo, maana dawa ya kosa ilitakiwa kupita mlango uleule uliofungwa.

Turudi Tosamaganga. Jumatano jioni nikasimama sebuleni kwa baba mkubwa, nikasoma jina kwa jina, shilingi kwa shilingi. Mama mdogo naye anahesabu pembeni. Ikaja sawasawa, milioni mbili laki tatu na arobaini. Nikafika kwa mjomba tarumbeta. Nikasoma kama ilivyoandikwa: ahadi laki moja, aliyolipa... sifuri. Watu walicheka mpaka ulanzi ukamwagika. Mjomba mwenyewe akacheka, akalipa elfu hamsini palepale. Harusi ilifana.

Ningeishia hapo kisa kingekuwa kitamu. Lakini nilikuahidi aibu, na aibu yenyewe haijafika bado.

Mimi niliondoka Tosamaganga na hasira na ile antivairasi. Kila ikipiga kelele nakumbuka macho ya mama mdogo. Nikasema hii kazi yake kuwasingizia watu tu. Mwanzo nikawa nafunga boksi bila kusoma. Mwisho nikaizima moja kwa moja. Raha mustarehe, kimya, kompyuta ikawa hata inakimbia zaidi.

Mwezi wa nane, baada ya harusi, nikapeleka flashi yenye picha zote kwenye kibanda kimoja cha kusafishia picha. Pale flashi za kila mtu zinaingia mashine moja, kama kijiko kimoja kwenye sufuria ya msiba. Niliporudi nyumbani, folda zote zimegeuka njia za mkato, ukibonyeza hazifunguki. Miaka ile virusi vya flashi vya namna hiyo vilijaa mjini. Safari hii kirusi kilikuwa cha kweli. Na king'ora? Nilikizima mwenyewe.

Hapo tena nikafanya kile ninachokijua zaidi, papara. Nikaifomati flashi, nikaijaza nyimbo. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba virusi vile huwa vinaficha tu folda, picha zilikuwa zimo humohumo, mtu anayejua angezitoa kwa dakika tano.

Baba mkubwa alifariki mwaka uliofuata. Picha pekee akicheza kwenye harusi ile, kavua koti, kashika mkono wa shangazi, ilikuwa kwenye flashi hiyo. Hakuna aliyenilaumu. Shangazi aliniuliza mara moja tu kama ile picha ipo, nikamwambia haipo, akasema basi. Hiyo "basi" naisikia mpaka leo.

Ndiyo maana ninakwambia, king'ora cha uongo kina hasara mbili. Ya kwanza ni ile unayoiona, faili limekwenda. Ya pili inakuja polepole, unazoea kutokusikia. Watu wanamcheka mchunga mbuzi aliyepiga yowe la chui kila siku, lakini mbuzi walioliwa hawakuwa wa walioziba masikio?

Kwa hiyo nilimwambia jirani yangu, nakwambia na wewe. Boksi likiwa jekundu, toa mkono kwenye panya kwanza. Soma. Ni programu uliyoiweka mwenyewe ndiyo inayoongea, au ni tangazo la mtandaoni? Maana kuna matapeli wanatengeneza ving'ora bandia, "kompyuta yako imeshambuliwa, lipia hapa, piga namba hii". Antivairasi ya kweli haikwambii upige simu umtumie mtu hela. Hilo funga, usiguse.

Kama ni ya kweli, chagua karantini, usichague kufuta. Mahabusu mtu anatoka, kaburini hatoki. Tazama jina. Kama linasema tu anashukiwa, ujue inakisia. Halafu pima mara ya pili kwa chombo kingine. Ila nikuonye, faili lenye siri za watu usilipandishe kwenye tovuti kama ile ya VirusTotal, kwa sababu mafaili yake yanagawiwa kwa kampuni za usalama wa kompyuta. Mimi nilipandisha majina na michango ya ukoo mzima, sikujua. Ukiona umesingiziwa, waandikie wenye antivairasi, huwa wanarekebisha. Na nakala yako isikae kwenye flashi ileile, jamani!

Utaniuliza, na ya jirani je? Boksi lake lilikuwa limekamata programu ya bure ya kurembesha picha, aliyoipakua sijui wapi. Tuliiweka karantini, tukaituma ikapimwe. Nikamwambia, "Usiogope dada yangu, hawa wanasingizia sana."

Majibu yakaja. Antivairasi zaidi ya hamsini, zote zinapiga yowe, na kirusi zimekitaja kwa jina.

Dada akanigeukia. "Kwa hiyo kaka, sasa nibonyeze?"

"Bonyeza, mama. Bonyeza kwa nguvu."

Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Na kama una mchango wa harusi kwenye ukoo wetu, mpelekee mama mdogo.